Saini Yangu, Jicho Lake

Ndugu yangu ana miaka thelathini na tisa, na kwa mujibu wa karatasi ya mahakama mimi dada yake ndiye mwangalizi wake. Alipokuwa mchanga alishikwa na degedege, ikamwacha mzito wa kusema na wa kufahamu. Mama alimlea mpaka siku ya kufa kwake. Baada ya arubaini, wazee wa ukoo wakasema lazima apatikane wa kusimama badala ya marehemu. Nikasimama. Hakimu aliniuliza mimi maswali yote. Ndugu yangu alikaa benchi la nyuma na kanzu yake ya Idi, akitazama feni.

Kila asubuhi humsaidia fundi seremala mtaani kwetu Jang'ombe. Kazi yake ni kupiga msasa, na akipitisha kiganja juu ya ubao hujua palipobaki ukwaru. Mimi niko Mji Mkongwe, katika afisi ndogo ya wanasheria. Huziweka nyaraka zao katika Kiswahili kinachosomeka.

Mwaka jana tuliletewa mapendekezo ya kurekebisha sheria, ili mtu mzima mwenye ulemavu wa akili asiamuliwe tena mambo yake na mwangalizi, bali asaidiwe kuamua mwenyewe. Aelezwe kwa maneno anayoyafahamu, apewe muda, awe na msaidizi anayemwamini, na neno la mwisho liwe lake. Nikatakiwa niyaandike kwa lugha nyepesi, wahusika wenyewe wapate kutoa maoni.

Bosi wangu aliyasoma, akasema, "Nzuri. Umemsomea nani?"

Sikuwa nimemsomea mtu. Basi Ijumaa, baada ya chakula, nikakaa na ndugu yangu nikamsomea. "Mwili wako ni wako. Daktari akitaka kukutibu, akuulize wewe."

Akanikatiza. "Na mimi?"

"Na wewe."

Akainuka, akapandisha fulana, akanionyesha kovu la chini ya tumbo. "Hapa hawakuniuliza."

Lilikuwa kovu la kupasuliwa ngiri, nayo ilikuwa ikimuuma vibaya. Nilimwambia tunakwenda kupimwa tu, kwa kuwa nilijua akisikia habari ya kupasuliwa atagoma. Nikatia saini. Alipozinduka alilia kutwa, akamwuliza kila muuguzi aliyepita ni nani aliyemkata. Nikajisemea kwamba ni dawa ya usingizi inayomliza.

"Nilisaini mimi," nikamwambia.

"Ulisema tunakwenda kupimwa."

Hakupaza sauti. Alishusha fulana, akakaa, akasema, "Haya, soma." Nilishindwa. Niliingia ndani nikaviosha tena vyombo vilivyokwisha oshwa.

Kilichonikosesha raha zaidi ni kwamba mkobani mwangu mlikuwa na fomu nyingine. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alishaanza kujigonga milangoni, na kikombe cha chai alikiweka hewani, pembeni mwa meza. Daktari alipanga kuanza na jicho la kulia, kisha la kushoto. Nilikwisha saini, na nilikusudia kumwambia tunakwenda kupimwa miwani.

Siku ya pili niliitoa fomu ile, nikamweleza yote.

"Sitaki," akasema.

Wiki nzima sikumpa nafasi. Nilimfuata wakati wa chai, nikamfuata mlangoni, hata karakanani mbele za watu: "Utapofuka! Unataka kupofuka?" Yeye akazidi kuinamia ubao wake. Fundi akaniita pembeni.

"Bi mkubwa, mwache apumue. Hapo humsaidii, unamshindilia."

Niliondoka na hasira, nikazunguka vichochoro mpaka viatu vikaniuma. "Apewe muda" nilikuwa nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Jioni ile nilimwuliza nililopaswa kumwuliza mwanzo. "Unaogopa nini?"

"Watalitoa jicho. Watalitupa."

Siku zote hizo kichwani mwake jicho lilikuwa limekwisha tupwa, nami napiga kelele. Nikamweleza kwamba jicho linabaki, kinachoondolewa ni ule ukungu. Akafikiri sana. "Nnataka kumwona mtu aliyefanyiwa."

Mkwewe fundi, bibi mmoja wa Chukwani, alikuwa amefanyiwa. Tukaenda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Ndugu yangu alisogeza uso mpaka kidogo agusane naye, akamchungulia macho. Bibi akatulia, akamwachia atazame.

"Walilitoa?"

"Hata! Nililala macho, nnawasikia wakizungumza. Niliogopa, uongo dhambi. Nliporudi hapa nikaona vumbi lote la nyumba yangu."

Ndugu yangu akacheka. Kisha akauliza, "Nani alikutilia saini?"

Bibi akanigeukia, hakuelewa. "Saini ya nani tena? Jicho langu, nilitia mwenyewe."

Sikupata pa kutazama.

Tulipofika nyumbani akanyoosha kidole kimoja. "Jicho moja. Hili la kulia."

"Na la pili?"

"Nitazame kwanza."

Hospitali, daktari alizungumza nami kama vile ndugu yangu hayupo. "Mwulize mwenyewe," nikasema. Daktari akasita, akamwuliza, naye akajibu, polepole, mpaka mwisho. Lakini sheria ilikuwa bado ile ile, na fomu mpya, ya jicho moja tu, ilitaka saini ya mwangalizi. Nikatia yangu. Chini yake yeye akaandika jina lake kwa herufi alizofundishwa na mama, zikavuka mstari mpaka ukingoni.

Jicho lilipona vizuri. Siku ya kwanza kurudi kazini alizitazama mbao zote alizokwisha maliza, akashika msasa akaanza upya, fundi akicheka na kulalamika kwa pamoja.

Siku ya jicho la pili ilipokaribia alisema hataki. Nikapiga simu hospitali.

"Amekataa nani?" akauliza muuguzi.

"Mwenyewe."

"Si wewe ndiye mwangalizi?"

"Ni mimi."

"Basi mlete."

"Simleti," nikasema.

Mpaka leo mapendekezo hayajawa sheria. Karatasi ya mahakama imo kabatini chini ya nguo zangu, na nguvu yake ni ile ile. Jicho la kushoto linazidi kufunga. Akitembea ananigeuzia upande wa kulia, nami kila nikimwona hivyo vidole vinaniwasha nikatie saini, mambo yaishe. Wiki hii nimemwuliza tena.

"Uliniuliza juzi," akasema. "Nikitaka ntakwambia."

Sikutulia, ila tangu hapo sijamwuliza.