Chakula cha Kumpelekea Baba

Kwa Msukuma kama baba yangu, mlo usio na nyama ulikuwa maandalizi ya mlo. Kwa hiyo daktari alipomkataza nyama nyekundu na chumvi kwa sababu ya moyo, nilijua vita vinaanza. Mama alishafariki, basi nikamtoa kijijini, ukipita Sitalike, akaja kukaa kwangu mjini, mtaa wa Kawajense. Siku tatu alisusia mboga zangu. Ya nne, Jumamosi, nikampeleka mtaa wa Makanyagio kwenye mgahawa wa Mhindi.

Ulikuwa chumba kimoja chenye meza nne na ndoo ya kunawia mlangoni. Mzee wa Kihindi alipika, mkewe alipakua. Nyama haikuingia humo, wala samaki, wala yai. Ulipewa sahani ya chuma yenye wali, chapati, dengu, mbilingani na bakuli la mtindi. Baba alianza na mtindi kwa sababu ndio aliokuwa akiufahamu, akahamia kwenye dengu, akanyamaza. Baba akinyamaza mbele ya chakula, ujue amekosa la kukisema vibaya.

Tukawa tunakwenda kila Jumamosi. Wakampunguzia chumvi bila kuombwa mara ya pili. Lakini jambo moja lilimsumbua, akaniuliza njiani: “Mayu, hawa watu wamepatwa na nini? Hata kuku hawana?” Aliniita mayu, yaani mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. Nikamweleza kwamba ni dini yao. Akatikisa kichwa kama mtu anayefichwa msiba wa jirani.

Jumamosi iliyofuata aliibuka na jogoo, aliyemwagiza kutoka kijijini akaletwa kwa bodaboda. Nilimsihi amwache nyumbani, nikaambiwa nisimfundishe adabu. Tulipofika alimkabidhi mzee wa Kihindi kwa mikono miwili. “Leo na nyie mle vizuri, mwenzangu.” Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mzee yule alimtazama jogoo, akamtazama baba, akapokea kwa mikono miwili vilevile.

“Asante sana, baba. Huyu atakaa na sisi.”

Akakaa kweli. Miezi miwili baadaye alikuwa anatamba uani, amenenepa kwa wali. Kwetu, kuku wa zawadi asipochinjwa ni kama umemkataa aliyemleta, hivyo baba akauliza wanangoja sikukuu gani.

“Sisi hatuchinji, baba,” yule mama wa Kihindi akajibu taratibu. “Lakini zawadi yako tunailisha kila siku.”

Jibu hilo baba alitembea nalo mpaka Kawajense. “Kumbe wanaohurumiwa ni sisi,” akasema, akacheka mpaka akakohoa. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu mama afe.

Alifariki masika yale, kijijini, alikokwenda kuangalia ng'ombe wake. Tulimzika hukohuko. Siku za msiba zilipokwisha nikarudi mjini, na Jumamosi miguu yenyewe ikanipeleka Makanyagio.

“Baba yuko wapi leo?” yule mama akauliza.

Nilifungua mdomo niseme ametutoka. Nikasema, “Miguu inamsumbua, amebaki nyumbani.”

Akafunga chapati mbili na dengu ya chumvi kidogo. “Mpelekee.”

Niliila kizingitini kwangu mchana kweupe, nikilia na kumeza. Jumamosi iliyofuata nikaenda tena. “Amesemaje?” wakaniuliza. “Amesema pilipili mmeogopa kuweka.” Wakacheka. Maneno ya baba yalinijia bila kutafutwa, na ubishi wake wote, na kwa ajili hiyo nilidanganya miezi mitatu mizima. Kwingine kote watu walishanipa pole, wakamaliza. Pale tu ndipo palikuwa na mtu wa kuniuliza baba anaendeleaje.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku moja mzee akasema Jumapili watafunga mgahawa waje wamsalimie mgonjwa. Nikamwambia baba amerudi kijijini kwa muda, nikatoka na chakula mkononi, sikukanyaga tena. Kila wiki nilijiambia nitakwenda nikaseme kweli. Nilipopata moyo wa kwenda, mlangoni palikuwa na kufuli. Fundi cherehani wa jirani akaniambia wamehama, wamemfuata mtoto wao Mwanza.

Nimejaribu kupika dengu ile, haiwi. Wala siililii dengu, namlilia baba. Huko Mwanza wapo watu wawili ambao, wakimkumbuka, wanajiuliza tu kama miguu yake imepona. Nawaonea wivu.