Tonge la Shangazi Pasing Klabuni

Shangazi yangu Pasing amelea watoto wa watu tangu nywele zake zikiwa nyeusi bila msaada wa chupa. Aliyempenda kupita wote ni Iñigo, na sisi wa damu yake tulilijua hilo. Nilipougua surua, shangazi alikuwa Makati, kwa matajiri, akimpepea Iñigo aliyeshikwa na mafua. Basi msiniulize wivu niliutoa wapi.

Iñigo alipomwalika kula klabuni kwao, shangazi hakupata usingizi. Klabu ile alikwishaingia mara nyingi, ila kwa sare nyeupe ya yaya, akisimama nyuma ya kiti na bakuli mkononi. Safari hii angeketi. Mimi nilikwenda kama msindikizaji, yaani tumbo la akiba.

"Wana mtoto sasa," aliniambia ndani ya teksi. "Hawaniiti bure. Wanataka nirudi nimlee."

"Shangazi, magoti yako yenyewe yanataka yaya."

"Funga domo."

Mezani tuliwakuta Iñigo, mama yake Senyora Consuelo, na Bea, kitoto cha Iñigo cha miaka miwili. Nyuma ya kiti cha Bea, kwa sare nyeupe, alisimama Jovelyn, msichana mwenye mgongo ulionyooka kama mlingoti. Shangazi alimtazama kama mke mkubwa anavyomtazama mke mdogo aliyekuja na kitanda chake.

Ukaja mkia wa ng'ombe kwa mchuzi wa karanga, wakaja kamba wa ukwaju. Mimi nikazama. Shangazi hakugusa kitu; macho yake yalikuwa kwa Jovelyn aliyekuwa akimlisha Bea.

"Kijiko kimejaa mno, binti. Utamkaba."

"Amezoea, Bibi."

"Nani kakuuliza kama amezoea?"

Uvumilivu ukamwishia. Akachota wali kwa vidole, akauchovya kwenye mchuzi wa ukwaju, akafinyanga tonge, akampelekea Bea mdomoni. Mle klabuni hata embe huliwa kwa uma. Meza ya jirani ikageuza shingo. Bea akalitazama tonge, akamtazama mwenye tonge, akaangua kilio na kumrukia Jovelyn shingoni.

Mkono wa shangazi ukabaki hewani. Miaka yote nilikuwa nikiomba aonje dawa hiyo. Siku imefika, nikashindwa kucheka.

Ndipo Iñigo, mwanamume mzima na kitambi chake, akainama, akaachama, akalimeza lile tonge.

"Chumvi haijakolea, Yaya."

"Wewe tangu utoto huna shukrani," shangazi akasema, macho yamemlowa.

Senyora Consuelo akaweka uma chini. "Iñigo, watu wanatazama."

Aliyetazama kuliko wote alikuwa yeye mwenyewe.

"Mkononi mwangu hukuwahi kula hivyo," akaongeza kwa sauti ndogo.

"Hukuwahi kunilisha, Mama."

Habari ya kurudi kazini haikutajwa na mtu. Tulipoaga, Bea alikuwa amelala begani kwa Jovelyn. Shangazi akaikunjua kola ya ile sare nyeupe.

"Watoto wa ukoo huu wakishikwa na homa hukataa kijiko. Mpe kwa mkono."

"Sawa, Bibi."

Nje, tukingoja teksi, akanigeukia.

"Yule msichana anamshika mtoto vizuri," akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.