Kompresa ya Maziwa na Ufagio wa Mume

Fundi huyu watu walimbatiza Baridi, na jina likamkaa, ingawa mwenyewe ana moto kuliko pasi ya mumewe, fundi cherehani. Kazi yake ni kutengeneza kompresa kubwa za vyumba vya baridi. Ukimuuliza ugumu uko wapi, atakujibu papo hapo: mashine si tatizo, tatizo vipuri. Nyingi anazozitibu ni vikongwe, waliozitengeneza walishaziacha zamani. Kwa hiyo hatupi kitu. Zilizokufa huzipanga nyuma ya nyumba, azing'oe viungo ili zilizo hai zipone. Mumewe hupaita makaburini.

Basi asubuhi moja kompresa ya ushirika wa maziwa ikagonga, ikatetemeka, ikanyamaza. Baridi akafungua kichwa cha mashine, akakuta sahani ya valvu, kibati kinachofungua na kufunga njia ya gesi, imepasuka. Tangi lilikuwa limejaa maziwa ya nusu ya mtaa, ya mama mkwe wake yakiwemo. Bila baridi, jioni yangemwagwa mtaroni. Muuza vipuri alipopigiwa simu akacheka. "Hiyo, dada? Uagize ng'ambo, usubiri mwezi." Mwezi! Maziwa gani hayo ya kusubiri mwezi?

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," Baridi akamwambia meneja wa ushirika. "Pacha wa kompresa hii ninaye nyumbani, kati ya zile zilizokufa."

Alipofika nyumbani, nyuma ya nyumba kulikuwa kweupe pee! Mumewe amesimama na ufagio, meno yote nje. "Nimekusafishia, mke wangu. Yale machuma nimempa mtu wa chuma chakavu."

Baridi hakupiga kelele, na hapo ndipo mume alipoogopa. "Washa pikipiki," akasema tu.

Kwa mtu wa chakavu walimkuta pacha amelazwa ubavu, tumbo wazi, nyaya zote za shaba zimenyofolewa. Baridi akainama kumkagua. "Na kichwa?" akauliza.

"Hicho kimenishinda, mama. Bolti zimeng'ang'ania kama kupe, nikachoka."

"Mungu akubariki kwa uvivu wako!" Baridi akachomoa spana.

Bolti zikakataa, zikamiminiwa mafuta, zikagongwa, mwishowe zikasalimu amri. Sahani ilikuwa nzima, ina kutu kidogo tu. Mbio mpaka ushirika. Baridi akaisugua kwa msasa laini juu ya kioo bapa hadi ikalala sawasawa, na mumewe akakata gasketi ya kuziba maungio kwa mkasi wake wa nguo, jasho likimtoka. Wakafunga, wakanyonya hewa ya ndani kwa pampu, wakajaza gesi. Baridi akawasha.

Ikanguruma. Bomba likatoa jasho, kisha likavaa ukungu mweupe, na kipimajoto cha tangi kikaanza kushuka. Meneja, mwanamume mzima na ndevu zake, akapiga vigelegele. Baridi akajibwaga sakafuni, akashusha pumzi ndefu. Alikuwa amefurahi kweli kweli.

"Leo nilikuwa nimeapa kukufukuza," akamwambia mumewe.

"Nilijua. Kule kwa mtu wa chakavu nilimpigia mama simu, nikamwomba anitandikie kitanda."

"Akasemaje?"

"Kasema maziwa yake yakimwagika, nisithubutu kukanyaga kwake."

Baridi akacheka hadi machozi. Akampa mkono mumewe amwinue.