Nilivyousifu Mtumbwi Mkavu

Sitaficha, maana Rumonge nzima inajua: mimi ndiye niliyeutia jicho mtumbwi wa baba mdogo, tena kwa Kiingereza.

Neno lenyewe nililipata kwa Feruzi, mpagazi aliyewahi kumbebea Mwingereza mizigo. Weldani, maana yake umefanya vizuri. Chuoni kwetu tulikuwa na Kiarabu cha kusomea na Kidachi cha kumwitikia bwana mkubwa wa Kijerumani, Kiingereza hakuna, kwa hiyo nililitembeza neno langu kama mtu mwenye kofia mpya.

Basi siku hiyo baba mdogo Sadiki, fundi wa mitumbwi, alikuwa anaushusha ziwani mtumbwi wa mvule aliouchonga miezi mitano, na Mama Zena, mchuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, aliyeuagiza, ametoka Gitaza kuupokea. Watu wanauvuta kwa kamba, kila anayeutazama anasema mashallah (kwetu ukisifu kitu kizuri bila mashallah umekitia jicho, hata mtoto wa kubebwa anajua), nami badala ya kusema kama watu, nikapanda juu ya jiwe nikapaza sauti, “Weldani!” Wavutaji wote wakageuka kunitazama, kamba ikalegea, mtumbwi ukateleza ukaligonga jiwe lile lile (nilisharuka, miguu yangu ina akili kuliko mdomo). Kwaa! Ufa wa kiganja kizima chini ya tumbo.

“Mutoto huyu iko na jicho!” Mama Zena akasema. “Sadiki, siuchukui.”

Baba mdogo alinitazama tu, na heri angenipiga.

Nikatoa mashallah kama ishirini hivi, zimeshachelewa. Nikajitetea: “Si jicho, mama, ni sifa. Wazungu husema hivyo kazi ikianza.”

“Mwongo!” Feruzi akaropoka kutoka nyuma. “Miezi sita nimebeba sanduku la yule bwana, weldani nimeambiwa mara moja, siku nilipolitua!”

Pwani yote ikaangua kicheko, wanawake wa ndagala wakashika mbavu.

Baba mdogo akaziba ufa kwa nyuzi na utomvu wa moto. Mama Zena akaninyooshea kidole. “Apande huyu mwenye sifa. Aende mpaka maji yanapokuwa meusi, arudi. Mtumbwi ukinywa maji, na yeye anywe.”

Nikapanda, nikakikalia kiraka chenyewe, kanzu nyeupe (ya Ijumaa!) iwe shahidi. Kasia moja, dua moja, mpaka weusini, na kurudi. Nilipofika nikasimama nikawageuzia watu makalio. Mama Zena akanikagua kama anavyokagua ndagala wa kununua: doa la utomvu lipo, maji hakuna hata tone.

“Mashallah,” akasema. Kwa mtumbwi, si kwangu. “Sadiki, nimeuchukua.”

Baba mdogo akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Sasa mtumbwi ule unakwenda Gitaza unarudi umejaa, na hakuna mtu mwingine pwani hii aliyejaribu kiraka kwa makalio yake mwenyewe. Naringa, sikatai. Lakini nimeapa: kazi ya mtu sitaisifu tena, kwa lugha yoyote ile, kabla haijalowa.