Vasectomy: kidonda kupona sio kazi kuisha. Wanaume someni kabla hamjaenda

Wakuu, salamu kutoka Kitale.

Nimeona humu watu wakibishana juu ya vasectomy, na wengi wanaobisha hawajaiona hata ile meza. Mimi nimelala hapo juu yake. Kwa hivyo tulieni niwaeleze vile ilikuwa, bila kuongeza chumvi, na ile sehemu ya aibu pia nitaiweka.

Mnijue kwanza. Shule niliachia darasa la saba. Nilianza kwa kubeba magunia soko la mji wa Kwanza, nikipanga chumba cha mabati huku mtaa wa Tuwan ambacho mvua ikinyesha tulikuwa tunahamisha kitanda. Leo nanunua mahindi kwa wakulima, lori ni yangu, na hapo hapo Tuwan nina ploti ya nyumba za kupangisha. Wapangaji wangu wengine wana digrii, na kodi wananiletea mimi wa darasa la saba. Hakuna mtu alinishika mkono.

Nyumbani kabisa ni Bungoma, upande wa Mabanga. Mimi ni Mbukusu, kwa kisu cha tohara nilisimama wima bila kupepesa jicho. Walioniona wapo hai.

Sasa tuingie kwa maneno yenyewe.

Mke wangu Nafula amenizalia watoto watano. Watatu wa mwisho walitoka kwa upasuaji. Huyo kitinda mimba alitoka salama, lakini mamake alivuja damu mpaka madaktari wakawa wanakimbia kwa korido. Mimi nilikuwa nje, nimekaa chini kwa sakafu, suti na yote. Wakuu, mimi sijawahi kuogopa kitu kama vile niliogopa siku hiyo.

Mungu akamrudisha.

Daktari akaniita kando akaniambia wazi, "Baba, kizazi cha huyu mama kimechoka. Akishika mimba ingine kinaweza kupasuka, na hapo sikuahidi kama tutamuokoa."

Tukarudi nyumbani tukaanza kutafuta njia ya kupanga uzazi. Vidonge vikampandisha presha. Sindano ikamtoa damu ovyo ovyo. Coil mwili ukakataa. Yeye kufungwa kizazi, daktari akasema tumbo limeshakatwa sana, kulifungua tena ni kutafuta shida. Tukabaki na kondomu, na kila mtu hapa anajua kondomu inaweza kupasuka.

Nafula akawa kila mwezi anangoja hedhi kama mtu anangoja hukumu ya korti. Ikichelewa kidogo tu, chakula hakishuki. Mwanamke kulala na bwanake huku anaogopa kufa, hiyo sio ndoa bana.

Siku moja kwa kliniki nesi akanigeukia. "Na wewe baba? Mbona ni mama tu anadungwa na kupewa dawa? Wewe una nini?"

Nikamuuliza anamaanisha nini. Hapo ndipo nilisikia vasectomy ikielezwa na mtu anayeijua.

Kwa wasiojua, sio kuhasiwa. Mapumbu hayaguswi. Kuna mirija miwili inayobeba mbegu za uzazi kutoka huko chini, hiyo ndiyo inakatwa na kufungwa. Nguvu inabaki, hamu inabaki, hata maji yanatoka kama kawaida, ni vile tu mwishowe hayana mbegu. Mimi nilidhani nitaongea sauti nyembamba. Hakuna.

Nikafanyiwa Bungoma mjini. Kitale kila mtu ananijua, na Bungoma niliondoka nikiwa kijana mdogo, sura yangu wameisahau.

Daktari alikuwa kijana tu. Swali lake la kwanza lilinikalisha sawa. "Mzee, hii uichukue kama ya milele. Kuna watu hujaribu kufunguliwa lakini mara nyingi haifaulu. Leo ukifiwa na mtoto, ama ukioa mwingine, hutalia?"

Nikafikiria. Nikamwambia mtu nisiyetaka kufiwa naye ni mmoja, na ndiye amenileta hapa.

Akachukua sindano ya ganzi. Nikamwambia, "Hiyo weka kando. Mimi nilikatwa nimesimama."

Akacheka. "Mzee, hapa hakuna shangazi wa kukupigia vigelegele. Lala."

Nikalala. Sindano inachoma kidogo, halafu unasikia tu kuvutwavutwa. Kinyozi wangu huchukua muda mrefu zaidi. Nilitoka nikitembea mwenyewe.

Akanipa masharti. Nipumzike. Nivae chupi ya kushika. Niweke barafu iliyofungwa kwa kitambaa. Nisibebe kitu kizito kama wiki nzima. Homa ikija, ama uvimbe ukizidi, nirudi haraka. Na la mwisho, tuendelee na kondomu mpaka nirudi baada ya miezi kama mitatu, shahawa zipimwe zionekane hazina mbegu.

Hayo yote niliitikia, "Sawa daktari." Kichwani mimi nilikuwa tayari soko la Kwanza kwa mahindi yangu.

Dereva wangu ndiye alinipeleka, na dereva ana mdomo. Nilipofika soko siku ya tatu, wapakiaji walikuwa wamejipanga wakinitazama kwa kona ya jicho. Mmoja, Barasa, nilibeba naye magunia zamani. Akapaza sauti, "Maksai amefika! Leteni plau!"

Soko lote likacheka. Kwa asiyefuga, maksai ni fahali aliyehasiwa, yule tunayemfunga plau kulima.

Wakuu, mimi sio mtu wa kuchekwa. Nikavua koti. Nikachukua gunia la mahindi, nikalitupa begani, nikapanda nalo mpaka juu ya lori. Nikashuka nikamuuliza Barasa, "Maksai wako hubeba hivyo?"

Akarudi kwa magunia yake. Na wengine wakarudi kwa kazi.

Kufika jioni nilikuwa siwezi kufunga miguu. Chini kumevimba kama parachichi, rangi ya samawati. Kesho yake nikarudishwa Bungoma nikiwa nimelala kwa kiti cha nyuma. Daktari akaangalia, akasema ni damu imevilia, haijashika usaha, una bahati. Safari hii nilipumzika. Kwa hivyo wewe unayeenda, watu watakucheka. Waache wacheke, wiki itaisha.

Nikapona. Kidonda kikakauka, hata alama unaitafuta. Nikajiona nimemaliza.

Na hapa ndipo watu wa kwetu tutapotea wengi, mniskize vizuri. Sisi tumezoea kisu kimoja. Kijana akitahiriwa anatunzwa, kidonda kikikauka anatolewa nje na nguo mpya, anaambiwa wewe sasa ni mwanaume. Hakuna siku anarudishwa kwa mkataji ati akaguliwe kama kazi ilishika. Kisu kikishapita kimepita. Mimi hii nayo niliichukua vivyo hivyo. Kidonda kimekauka, si nimetoka?

Nikamwambia Nafula kondomu sasa basi.

Akaniuliza, "Umepimwa?"

"Kupimwa nini? Si uliona kidonda kimepona?"

"Niliona kidonda. Ndani sikuona."

Nikamwambia mimi nimekatwa kwa ajili yake, nimechekwa soko zima kwa ajili yake, sasa ananinyima? Nilipiga kelele, sitadanganya. Yeye hakupiga. Alichukua blanketi akahamia chumba cha wasichana.

Nikakasirika siku nyingi. Chakula ananipa, maji ya kuoga ananipa, nguo zimepigwa pasi. Lakini kitandani niko peke yangu kama padri. Kila nikijaribu kumbembeleza ni neno lile lile, "Kapimwe." Na mimi nikasema siendi. Kusema ukweli, kilichonishinda sio safari. Ni ile kupeleka shahawa kwa kachupa, mtu mzima kama mimi, mbele ya wasichana wa maabara.

Mwishowe tukawa Mabanga, tumeenda kuona shamba. Tumesimama kwa boma la ng'ombe. Nafula akaniuliza kwa upole, "Baba Simiyu, lile fahali la madoa ulilihasi lini?"

Nikamwambia.

"Na kidonda kilipopona, si uliliachilia na mitamba?"

"Hapana bana. Linatengwa kwanza. Fahali likitoka kuhasiwa bado lina mabaki, linaweza kupanda ng'ombe akashika mimba."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Hiyo kila mfugaji anajua."

Aliniangalia tu, akaenda zake kuchuma sukuma wiki.

Wakuu, nilibaki hapo kwa boma nikiwa nimeshikwa na hasira kama moto. Ati mimi na lori yangu nalinganishwa na ng'ombe! Nikasema sawa, naenda hiyo Bungoma yenu, napimwa, nakuja na majibu nikuwekee mezani, na uniombe msamaha.

Sio kwamba nilikuwa na shaka. Nilienda kushinda.

Maabara walinipa kachupa wakanionyesha choo. Nje kuna foleni, watu wanagonga mlango. Mama mmoja anauliza, "Wewe uliye ndani, umelala?" Wanaume, kama hospitali yenu ina chumba cha faragha, ulizeni mapema. Mimi sikuuliza.

Nikakaa kungoja nikiwa na kichwa juu. Daktari akaniita. Ni yule yule kijana.

"Mzee, bado wako."

"Kina nani?"

"Mbegu. Sio wengi kama kawaida, lakini wapo na wanatembea. Umekuwa ukitumia kondomu?"

Nikamwambia mke wangu amenikatalia kitanda mpaka nipimwe.

Akaweka kalamu chini. "Basi msalimie sana."

Akanieleza kwamba mbegu zilizokuwa zimepita mahali pa kukatwa zinachukua muda kuisha, na kila mwanaume na mwili wake. Niendelee na kinga, nirudi tena tupime. Kama zitakataa kuisha, kuna wachache ambao mirija hujiunga tena, na hao wanarudiwa.

Sikumbuki barabara ya kurudi Kitale. Nilikuwa nafikiria tu zile siku zote nilizokuwa nambishia mlangoni, nampigia kelele, namwita mwenye dharau. Angechoka siku moja tu. Angesema haya basi, ndio amani irudi nyumbani. Wanawake wengi wangesema.

Nilimkuta jikoni anachambua maharagwe. Sikukaa. Nikamwambia, "Bado wako."

Hakucheka. Hakusema si nilikuambia. Aliendelea kutoa mawe kwa maharagwe, halafu akaniuliza, "Wengi?"

"Wachache."

"Mmoja angetosha," akasema.

Baadaye nilirudi tukapima tena, safari hii tulienda wote wawili, na ikawa safi kabisa. Hedhi ikichelewa sasa Nafula anakula kama kawaida. Amenenepa hata, na anacheka kwa sauti nilikuwa nimeisahau.

Kwa hivyo wakuu, mnaotaka kwenda nendeni, mimi sijuti na nguvu niko nazo. Lakini mjue huo upasuaji ni mwanzo tu. Usimwachishe mke njia anayotumia wala usitupe kondomu mpaka upimwe na uambiwe na daktari ni safi. Na isiwe leseni ya kuzurura, ukimwi na kisonono hazijui kama mirija imefungwa. Mambo ya kubeba magunia nimeshasema.

Edit: kuna mmoja ananiuliza inbox kama nilimwambia mamangu mzazi. Ndiyo, nilimwambia baadaye. Aliuliza kama inauma, nikasema hapana, akasema basi niende nikale.

Mwenye swali aulize hapa hapa wazi, sio inbox, wengine wafaidike. Aliyefanyiwa naye atuambie yake ilichukua muda gani kuwa safi. Na wewe unayetaka kuandika ati huwezi kukatwa, kwanza inuka uende umuulize mkeo yeye amekuwa akivumilia nini. Halafu urudi uandike.