Siku Tulipoazima Utajiri

Miaka ile ya hamsini, mtoto aliyefaulu kwenda shule ya kati na kwao hakuna kitu aliweza kusamehewa ada. Ila kwanza bwana wa kamati ya shule alipita nyumbani kujionea kwa macho yake. Akikuta mna uwezo, mnalipa. Mkishindwa, mtoto anabaki jikoni. Mimi nilikuwa nimefaulu, na mama alikuwa mjane anayekaanga vitumbua barazani kwetu, Kariakoo. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi: bwana aje, atuone tulivyo, aondoke.

Lakini mama yangu hakuwa mtu wa kuonwa alivyo. Amkaribishe mgeni kwenye mkeka uliotoboka? Bora afe! Yeye aliyezoea kuwasimanga wenzake kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, asubuhi ile alibisha hodi mtaa mzima. Jirani wa kulia akatoa zulia na viti. Wa ng'ambo ya njia akaleta saa ya ukutani, na wa kushoto vikombe vyake vya kaure, ambavyo hata mumewe hakuruhusiwa kuvigusa. Kanga mpya aliyojifunga mama ilikuwa ya mpangaji mwenzetu.

"Mama," nikamwambia, "si anakuja kuona kwamba hatuna?"

"Kutokuwa nacho ni kwetu sisi," akanijibu. "Yeye ni mgeni."

Bwana akaja na kofia yake. Akakanyaga zulia, akaitazama saa, akaletewa pilau. Alikula kwa raha zake mpaka sinia likang'aa. Aliponawa na kuletewa chai, akasema kwa upole, "Mama, Mungu amekujalia. Msamaha huu ni wa wasiojiweza. Binti yako utamlipia ada."

Nikaangua kilio palepale, kwa sauti, bila haya. Mama akanitazama, kisha akalitazama zulia kwa muda. Halafu akaenda mlangoni akaita, "Jamani, njooni mchukue vyenu!"

Hawakuchelewa, maana wote walikuwa dirishani wakichungulia. Saa ikateremshwa ukutani, ikaanza kupiga mikononi mwa mwenyewe na isinyamaze. Mwenye vikombe alisimama mbele ya bwana, mikono kiunoni, akingoja amalize chai. Mwenye viti akasema, "Samahani, bwana mkubwa, nyanyuka kidogo." Bwana akanyanyuka, kofia mkononi, na zulia nalo likakunjwa kutoka chini ya miguu yake. Mama akaingia chumbani, akarudi na kanga yake iliyopauka, akaketi kwenye mkeka wetu, tundu akalifunika kwa goti.

"Na pilau?" bwana akauliza kwa sauti ndogo.

"Pilau ni yangu. Ulikuwa mchele wa vitumbua."

"Sasa kesho utauza nini?"

"Wewe umekuja leo," mama akamjibu.

Bwana akakohoa. Akasema nimesamehewa ada yote, akaaga huku akikwepa macho ya mama.

Nilisoma, nikawa mwalimu, na mshahara wangu wa kwanza ulinunua zulia. Mama alilipenda, lakini hakumsamehe bwana yule mpaka anaingia kaburini.

"Aliamini upesi mno kwamba hatuna," alikuwa akilalamika. "Angebisha hata kidogo."