Inchi Sita kwenye Kona ya Paa

Gaudiosi Nshimirimana alianza kuezeka nyumba akiwa na miaka kumi na saba. Katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, mkoani Kigoma, ndiye aliyepandisha kenchi za zahanati, za kanisa na za madarasa manne, na alipima zote kwa kamba na jicho. Sasa ana miaka hamsini na mmoja, anaishi Louisville, Marekani, na anafanya kazi katika kiwanda cha fremu za madirisha kule Jeffersontown. Zamu yake huanza saa nane mchana. Kiwandani hakuna anayejua kwamba yule mzee mkimya wa mashine ya tatu ni fundi wa paa, naye hajawahi kuwaambia.

Kwa hiyo dada yake Generoza alipompigia simu kutoka mji wa Columbus na kusema anataka kuongeza chumba nyuma ya nyumba, Gaudiosi alijiona kama mtu aliyeitwa kwa jina lake baada ya miaka mingi.

Chumba kilikuwa cha mama yao. Mwezi wa pili mama alianguka kwenye ngazi za nyumba ya Generoza, mtaa wa Linden, akavunjika nyonga. Alitibiwa, akarudi nyumbani anatembea kwa kushikilia kigari, lakini vyumba vyote vya kulala viko juu. Wakamtandikia kitanda sebuleni, nyuma ya pazia. Mwanamke wa miaka sabini na minane alikuwa anaogeshwa jikoni kwa beseni, huku wajukuu wakiambiwa wasubiri nje.

"Nitatafuta mtu wa kuchora," Generoza alisema. "Mji hautoi kibali bila ramani."

"Mtu gani tena? Mimi nipo."

"Kaka, wanataka michoro ya kompyuta."

"Basi kompyuta itachora ninachoiambia."

Alinunua programu ya kuchorea nyumba, akaiweka kwenye laptopu ya zamani, na kila asubuhi kabla ya kazi akawa anakaa mezani jikoni na miwani yake. Wiki ya kwanza ilimfurahisha. Kuta zilisimama, milango ikafunguka, hata vigae vya bafu vikaonekana. Alimpigia Generoza kumwonyesha mahali kitanda cha mama kitakapokaa.

Halafu akafika kwenye paa.

Nyumba ya Generoza ni ya zamani, na paa lake limesimama sana: ukiingia ndani futi moja, limepanda futi moja. Chumba kipya kilipangwa kuungwa nyuma, kwa upana uleule wa nyumba. Lakini juu ya ukuta huo wa nyuma kuna dirisha la chumba cha kulala, kwa hiyo paa jipya lilipaswa kulala zaidi ili lipite chini ya dirisha. Gaudiosi aliamua lipande nusu futi kwa kila futi. Hapo ndipo tabu ilipoanza. Paa la zamani lilitokeza nje ya ukuta futi moja, na kwa sababu linateremka kwa kasi, ukingo wake ulishuka futi nzima chini ya kichwa cha ukuta. Paa jipya nalo lilitokeza futi moja, lakini kwa kuwa limelala, ukingo wake ulishuka inchi sita tu. Kwenye skrini, mahali paa la zamani linapokutana na jipya, penu mbili hazikufikiana. Ule ubao wa chini ya upenu, ambao mafundi wa Marekani wanauita sofiti, ulikuja vizuri kutoka upande wa mbele wa nyumba, ukafika kwenye kona, ukakatika. Mwingine ukaanzia juu yake inchi sita. Katikati palibaki tundu jeusi.

"Ndege watajenga humu," alisema peke yake.

Alibofya ukingo wa paa jipya akaushusha. Programu ikashusha paa zima, na vichwa vya kuta vikatokeza juu ya vigae kama magoti yanayochungulia kwenye shuka fupi. Akarudisha. Akabadilisha upana wa upenu mmoja, na penu zote za nyumba zikabadilika pamoja, hata za mbele ambazo hakuzigusa. Akarudisha. Akafuta paa lote, akaiachia programu ichore yenyewe, nayo ikamletea tundu lilelile, mahali palepale, inchi sita zilezile.

Aliendelea hivyo wiki tatu. Aliandikia watu wa programu akapata jibu kwamba asome ukurasa wa msaada. Ukurasa wa msaada ulionyesha nyumba ambayo mapaa yake yote yana mteremko mmoja. Alitazama video ya kijana aliyeongea haraka sana, akairudia mara nne, na kila mara kijana alisema "sasa ni rahisi" wakati ambapo kidole chake kilikuwa tayari kimebofya kitu Gaudiosi hakukiona. Siku mbili alichelewa kazini. Siku ya tatu alisahau chakula chake juu ya meza, kando ya laptopu, akashinda na njaa mpaka zamu ikaisha, na hilo nalo alilihesabia programu.

Mwishowe alimpigia Ange, binti wa Generoza, anayesomea uchoraji wa majengo chuoni mjini Buffalo na kupanga chumba Amherst, jirani na hapo. Ange alifungua mchoro upande wake, akauzungusha mara mbili tatu.

"Mjomba, programu haijakosea," alisema.

"Haijakosea? Hulioni tundu?"

"Naliona. Hata ukijenga kwa mbao halisi litakuwepo. Mteremko tofauti, upenu sawa, lazima kingo zitofautiane. Lazima ubadilishe kitu kimoja. Labda upenu uwe mpana zaidi, au ukuta uwe mfupi, au..."

"Ukuta ufupishwe, dari limguse mama kichwani?"

"Sijasema hivyo."

"Ange, mimi nimeezeka kabla mama yako hajaolewa. Usinifundishe kona ya paa."

"Okay, mjomba," Ange alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekunja karatasi zake. Hakupiga tena wiki ile, wala iliyofuata.

Gaudiosi alichukua kile chombo cha kuchorea masanduku ndani ya programu, akachora kisanduku kidogo cha rangi nyeupe, akakibandika juu ya tundu. Ukitazama kwa mbali, upenu ulionekana umeungana. Alijua alichofanya. Kule Mtabila angemfukuza kibarua aliyeziba kona namna hiyo. Lakini alikuwa amechoka, na mwezi wa tisa ulikuwa unaisha, na baridi ikifika hakuna anayechimba msingi. Akaituma michoro kwa watu wa mji.

Michoro ilirudi baada ya siku kumi na mbili. Pembeni mwa ile kona mkaguzi wa mji alikuwa ameandika swali moja: hiki kimeshikiliwa na nini?

Gaudiosi alisoma swali lile akiwa kwenye gari, katika maegesho ya kiwanda, dakika tano kabla ya zamu. Masikio yalimwaka. Swali lilikuwa la haki, na hilo ndilo lililomuumiza. Jumamosi aliamka mapema, akaweka kamba, futi ya kupimia na pima maji kwenye buti, akaendesha kwa muda wa saa tatu na nusu mpaka Columbus. Alijiambia kwamba akisimama chini ya paa lenyewe, mbali na kompyuta, atapata jibu.

Alipanda ngazi, akafunga kamba kwenye ukingo wa paa la zamani, akaivuta mpaka kwenye vigingi alivyosimamisha mahali pa chumba kipya. Akapima, akashuka, akahamisha, akapanda tena. Kamba ilimwambia kilekile ambacho kompyuta ilikuwa inamwambia tangu mwezi wa nane. Akipanua upenu mpya ufike futi mbili, kingo zitakuwa usawa mmoja. Ila sasa upenu ungetokeza futi moja kupita ule wa zamani, kuelekea uzio wa jirani, na pale mji ulikuwa umeshaweka mpaka. Akaitupa kamba kwenye nyasi.

"Siwezi!" alisema kwa sauti, kwa Kirundi kwanza, kisha kwa Kiswahili, maana Generoza alikuwa amechungulia mlangoni.

"Nini huwezi?"

"Chumba cha futi ishirini na nne hakikubali."

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti ndani ya mlango wa nyuma, mkono juu ya kigari chake. Alikuwa anamtazama mwanawe tangu asubuhi.

"Cha futi ngapi?" aliuliza.

"Ishirini na nne upana, mama. Sawa na nyumba."

"Mnanijengea uwanja wa mpira?"

Generoza alicheka. Gaudiosi hakucheka. "Mama, nataka upate nafasi."

"Nani alikuambia nataka nafasi? Mtabila tulilala saba katika chumba ambacho wewe ulikigusa kuta zote mbili ukinyoosha mikono. Mimi nataka mlango, Gaudiosi. Mlango nifunge, nivue nguo, nioge, pasiwe na mtoto anayesubiri nje. Miezi saba naogeshwa jikoni, ninyi mnapima pima tu. Hakuna aliyeniuliza."

Gaudiosi alibaki amesimama na kalamu sikioni. Ni kweli. Alikuwa amemwonyesha dada yake, akamwonyesha Ange, akawaandikia watu wa programu wasiomjua, lakini mama hakumwonyesha hata picha moja.

Alirudi kwenye vigingi. Akaving'oa vya upande mmoja, akavisogeza ndani futi moja. Akafanya hivyo upande wa pili. Chumba kikawa na upana wa futi ishirini na mbili. Sasa kuta mpya zilikuwa ndani kidogo ya kuta za zamani, na upenu wa futi mbili ulimalizikia pale pale upenu wa zamani ulipomalizikia, mstari mmoja, usawa mmoja. Alivuta kamba toka mbele ya nyumba mpaka nyuma. Ilinyooka. Ukubwa wa bafu haukuguswa. Kilichopungua kilikuwa nafasi ya kabati ambalo mama hana nguo za kulijaza.

Alikaa kwenye ngazi ya mlango akampigia Ange.

"Ulikuwa na kitu cha tatu," alimwambia. "Siku ile. Ulisema upenu, ukuta, au. Nikakukatiza. Kilikuwa nini?"

"Nilitaka kusema upunguze chumba."

"Hm."

"Mjomba?"

"Nilikujibu vibaya. Nisamehe."

"Ni sawa, mjomba. Nitumie vipimo, nikuonyeshe namna ya kuweka upenu wa paa moja bila kugusa mengine. Iko, ila wameificha."

Ilikuwa imefichwa kweli: ubofye paa mara mbili, uingie kwenye orodha, ushuke mpaka chini kabisa. Ilichukua dakika mbili. Gaudiosi alipoona sofiti inakuja kutoka mbele, inapita kona na kuendelea bila kukatika, hakuona furaha aliyoitarajia. Aliona wiki zile zote.

Kibali kilitoka mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja. Mafundi walichimba msingi siku tatu kabla ya theluji ya kwanza, na yeye alichukua likizo yake yote ya mwaka kwenda kusimama nao. Walipofika kwenye kona hakuacha mtu mwingine aipigilie misumari. Kijana mmoja wa pale alimwambia apumzike, mzee, akajibiwa ashikilie ngazi.

Mama alihamia wiki moja kabla ya Krismasi. Jioni ile ya kwanza aliingia bafuni na kigari chake, akafunga mlango, na maji yakasikika yakimwagika muda mrefu sana. Generoza alitaka kwenda kumgongea kuona kama yu salama. Gaudiosi akamshika mkono.

"Mwache," alisema.

Jumatatu alikuwa Louisville, mezani jikoni, kabla ya zamu. Balagizi, Mkongo mmoja wa kanisani, alikuwa amesikia habari za kile chumba na kumwomba amchoree gereji. Gaudiosi alifungua programu. Ilikuwa imejisasisha yenyewe alipokuwa Columbus. Orodha ya mapaa haikuwa tena mahali pake. Alibofya mara mbili juu ya paa, akashuka mpaka chini kabisa, akakuta patupu.

Alivua miwani, akasonya, akafunga laptopu. Kisha akachukua chakula chake, safari hii hakukisahau, akaenda kazini.